Nchi ndogo ikisaini na jumuiya nzima: mkataba husomwa kuanzia viambatisho

Mkataba wa biashara huria ukisainiwa, kinachotangulia kwenye habari ni asilimia: bidhaa tisini na kadhaa katika kila mia zitavuka mpaka bila ushuru. Mara nyingi namba hiyo ni ya kweli. Ila haimwambii mwenye kiwanda kama bidhaa yake imo, itaanza lini kunufaika, wala kama malighafi anayotumia itamnyima nafasi hiyo. Majibu yako nyuma, kwenye viambatisho: jedwali la ushuru, kanuni za uasili wa bidhaa (yaani bidhaa inahesabiwa kuwa ya nchi gani), kota (kiasi cha juu kinachoruhusiwa kuingia kwa nafuu) na itifaki ya forodha. Anayetaka kujua mkataba una thamani gani kwake aanzie huko, kisha arudi kwenye utangulizi wenye maneno ya urafiki na ushirikiano.

Pale nchi ndogo inapokaa mezani na jumuiya ya kibiashara, kuna ugumu wa ziada. Upande wa pili una soko kubwa mara mamia, na tena si upande mmoja.

Unasaini na nani hasa

Jumuiya za kibiashara ni za aina mbili kuu. Katika umoja wa forodha, wanachama wote hutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za kutoka nje. Hivyo ndivyo ulivyo Umoja wa Ulaya, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mercosur ya Amerika Kusini, Baraza la Ushirikiano la Ghuba, na SACU ya kusini mwa Afrika iliyoanza mwaka 1910. Katika eneo huru la biashara, wanachama hufunguliana milango wenyewe kwa wenyewe, lakini kila mmoja hubaki na ushuru wake kwa wageni. ASEAN ya kusini mashariki mwa Asia iko hivyo. EFTA nayo iko hivyo, ikiwa na Norway, Iceland na Uswisi, pamoja na Liechtenstein iliyo kwenye forodha moja na Uswisi.

Kwa mfanyabiashara tofauti hii inaonekana bandarini. Ukiwa na mkataba na umoja wa forodha unasoma jedwali moja, na kontena likishapita forodha Rotterdam linaweza kuuzwa Vienna bila ushuru wa pili. Ukiwa na mkataba na EFTA unasoma majedwali zaidi ya moja, hasa kwenye mazao ya kilimo, na ruhusa ya Norway haikufikishi Uswisi.

Uswisi yenyewe imetoa somo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Tarehe 1 Januari 2024 ilifuta ushuru wa bidhaa za viwandani kwa dunia nzima. Nchi zilizokuwa na mkataba na EFTA hazikunyang'anywa kitu kwenye karatasi, lakini upendeleo wao kwa bidhaa hizo katika soko la Uswisi uliisha siku hiyo, kwa kuwa kila mshindani sasa analipa sifuri kama wao. Faida ya mkataba ni pengo kati ya unacholipa wewe na anacholipa mwenzako. Pengo hilo linaweza kuzibwa bila wewe kuulizwa.

Swali linalofuata ni nani mwenye mamlaka ya kusaini. Singapore ilianza mazungumzo na Umoja wa Ulaya mwaka 2010, yakakamilika 2014. Ndipo likaibuka suala kama Umoja unaweza kufunga mkataba ule peke yake au kila nchi mwanachama iridhie kwa bunge lake. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilijibu tarehe 16 Mei 2017: karibu kila kitu kiko mikononi mwa Umoja, isipokuwa uwekezaji usio wa moja kwa moja (kama kununua hisa bila kuendesha kampuni) na utaratibu wa mwekezaji kuishtaki serikali. Mkataba ukakatwa vipande viwili. Kipande cha biashara kilianza kufanya kazi tarehe 21 Novemba 2019, na kile cha ulinzi wa uwekezaji kikawekwa kando kingojee kuridhiwa na kila mwanachama. New Zealand, iliyoanza mazungumzo yake mwaka 2018, haikuingiza kabisa ulinzi wa uwekezaji. Ilisaini Julai 2023, na mkataba ukaanza tarehe 1 Mei 2024. Kuchagua nini kiachwe nje ya mkataba ni uamuzi wa kimkakati, na unapaswa kufanywa kabla ya duru ya kwanza ya mazungumzo.

Mercosur ina sura nyingine. Uamuzi wao wa mwaka 2000 unawataka wanachama wajadiliane na watu wa nje kwa pamoja, lakini kila mmoja huridhia kwa wakati wake. Israeli ilisaini nao Desemba 2007. Mkataba ulianza kutumika kwa Uruguay mwaka 2009, Paraguay na Brazil 2010, na Argentina 2011. Kwa hiyo kwa karibu miaka miwili mkataba huohuo ulikuwa hai mpaka huu na haujaanza mpaka ule, na jibu la «mkataba umeanza?» lilitegemea bandari unayoshushia.

Kuna pia mtego wa kuwa nusu ndani. Uturuki iko kwenye umoja wa forodha na Umoja wa Ulaya tangu mwisho wa 1995, kwa bidhaa za viwandani, bila kuwa mwanachama wa Umoja. Umoja wa Ulaya ukifunga mkataba na nchi ya tatu, bidhaa za nchi hiyo zinaweza kuingia Uturuki kupitia soko la Ulaya. Nchi hiyo ya tatu, kwa upande wake, haina wajibu wa kuifungulia Uturuki, mpaka Uturuki ijadiliane nayo yenyewe. Nchi ndogo inayovutiwa na wazo la kujiunga na umoja wa forodha wa jirani mkubwa iuangalie mfano huu kwa makini.

Kwa nini wengine husaini na majirani zao hawasaini

Kanuni ya msingi ya Shirika la Biashara Duniani ni kutobagua: unachompa mmoja wape wote. Mikataba hii inaruhusiwa kwa msamaha wa Ibara ya XXIV ya GATT, mkataba mkuu wa dunia wa ushuru na biashara ya bidhaa, inayodai kwamba ushuru uondolewe kwenye sehemu kubwa mno ya biashara kati ya pande hizo, na kwa muda usiozidi miaka 10 isipokuwa kwa sababu za pekee. Nchi zinazoendelea zikifungiana mikataba zenyewe kwa zenyewe zina mlango mwepesi zaidi, uliofunguliwa mwaka 1979. Nchi iliyozoea kupewa upendeleo wa upande mmoja hupata tabu hapa: kubaki na soko lile kwa mkataba, sharti nayo ifungue la kwake.

Kenya ni mfano ulio wazi. Majirani zake Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi wamo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, hivyo bidhaa zao, silaha zikiondolewa, huingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wala kota, wawe na mkataba au wasiwe nao. Kenya haimo. Muda wa mpito, ambao Kenya nayo iliendelea kuuza huko bila ushuru, ulipokwisha tarehe 1 Oktoba 2014 kabla mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haujakamilishwa, bidhaa za Kenya, maua yakiwemo, zilianza kutozwa ushuru hadi karibu mwisho wa Desemba. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini, wengine hawakusaini. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliruhusu anayetaka kuendelea aendelee. Kenya ikasaini na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, na mkataba ukaanza tarehe 1 Julai 2024.

Wanaoilaumu Tanzania kwa kusita na wanaoilaumu Kenya kwa kuharakisha wote huruka hesabu hii. Aliye na mlango wazi bure hana cha kununua, na asiye nao analipa kwa kila siku ya kuchelewa. Kazi iliyobaki ni ya mpakani: nchi moja ndani ya umoja wa forodha ikipunguza ushuru peke yake, wenzake lazima waweze kutambua bidhaa iliyopita kwa punguzo hilo na ile iliyolipiwa ushuru kamili. Bila hivyo ushuru wa pamoja unabaki jina.

Jedwali la ushuru na pengo la mapato

Jedwali hutaja kila bidhaa kwa namba ya mfumo wa kimataifa wa uainishaji: tarakimu 2 ni sura, 4 ni kichwa, 6 ni kifungu, na kuanzia hapo kila nchi huongeza zake. Mbele ya namba kuna ushuru wa kuanzia na herufi ya kundi la upunguzaji. Soma herufi hiyo kwa uangalifu. «Miaka 10» inaweza kumaanisha asilimia 25 inayopungua kwa 2.5 kila mwaka. Inaweza pia kumaanisha miaka 5 ya kutoguswa, kisha 5 kila mwaka. Mwisho wake ni mmoja, lakini kiwanda cha ndani kinachohitaji muda wa kujipanga kinaona tofauti kubwa.

Jambo linalowashangaza wengi: mkataba hauondoi kodi ya ongezeko la thamani wala ushuru wa bidhaa kama vinywaji na sigara. Huondoa ushuru wa forodha tu. Hata hivyo, upungufu wa mapato huzidi ushuru ulioondolewa, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru. Chukua mzigo wa thamani ya 1,000, ushuru asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Ushuru ni 250, kodi ni 18 kwa mia ya 1,250, yaani 225, jumla 475. Ushuru ukifika sifuri, kodi ni 180. Serikali imepoteza 295, wala si 250. Kwa malighafi sehemu ya kodi hiyo ingerejeshwa kwa kiwanda vyovyote vile, lakini kwa bidhaa za mlaji wa mwisho pengo ni halisi. Nchi inayopata sehemu kubwa ya bajeti yake bandarini ifanye hesabu hii kwa kila mstari wa jedwali kabla ya kupeleka ofa, maana ofa ikishawekwa mezani ni vigumu kuirudisha mfukoni.

Uasili wa bidhaa, mahali mikataba mingi inapokwama

Punguzo ni kwa bidhaa iliyotengenezwa kwenye nchi zilizosaini. Kusafirishwa kutoka huko hakutoshi. Samaki aliyevuliwa kwenye maji ya nchi, chai iliyochumwa, ng'ombe aliyezaliwa na kukuzwa: hizi zimepatikana kikamilifu na hazina mjadala mrefu (samaki wa bahari kuu ndiye mwenye mjadala, kwa kuwa huulizwa meli ni ya nani na imesajiliwa wapi). Ugumu unaanza pale malighafi kutoka nchi ya tatu inapoingia kiwandani.

Kila bidhaa ina kanuni yake kiambatishoni. Kanuni za kawaida ni tatu, na mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza hudai malighafi ya nje ibadilike hadi bidhaa iangukie kichwa kingine cha tarakimu 4. Ya pili huweka kikomo cha thamani ya malighafi ya nje, kwa mfano isizidi asilimia 50 ya bei ya kiwandani. Ya tatu hutaja hatua za kazi zenyewe. Kwenye nguo, mikataba mingi ya Umoja wa Ulaya hudai hatua mbili, kufuma kitambaa na kushona. Mwenye kitambaa cha kununua nje hafaulu. Mikataba ya ubia wa kiuchumi kati ya Umoja huo na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki hukubali hatua moja, kushona tu. Kwa nchi isiyo na viwanda vya nguo vya kufuma, tofauti hiyo ya mstari mmoja ina uzito kuliko asilimia zote za kwenye habari.

Tazama pampu ya maji yenye bei ya kiwandani ya 100, kikomo kikiwa 50. Kiwanda kinanunua nje bodi la chuma la 25 na mipira ya kuzuia maji ya 12. Mota ya 30 inatengenezwa na kiwanda jirani humohumo nchini, ikiwa na vipuri vya nje vya 18. Mhasibu akijumlisha kila kilichotoka nje anapata 55, na pampu imeanguka. Lakini mota yenyewe ikitimiza kanuni yake ya uasili, huhesabiwa yote kuwa ya nyumbani na ile 18 inatoka kwenye hesabu. Inabaki 37, na pampu inapita. Viwanda hukosa punguzo kwa kutoomba tamko la uasili kutoka kwa mwuzaji wa mota, karatasi ya ukurasa mmoja.

Njia nyingine ni ujumlishaji. Mikataba karibu yote huruhusu malighafi kutoka upande wa pili ihesabiwe kama yako: bodi la chuma likinunuliwa ndani ya jumuiya uliyosaini nayo, si la nje tena. Mingine huruhusu hata malighafi ya majirani waliotajwa, lakini soma masharti, kwa sababu mara nyingi hudai nchi hizo ziwe na mkataba au makubaliano ya ushirikiano wa kiforodha kati yao. Ujumlishaji ulioandikwa bila makubaliano hayo kufungwa haufanyi kazi.

Halafu kuna sarafu. Kiwanda kinachouza kwa bei ya sarafu ya nyumbani na kinachonunua vipuri kwa dola kinaweza kuanza mwaka na 47 kwa mia. Sarafu ikishuka hadi bei ya vipuri ipande kwa asilimia 10, namba inakuwa karibu 52, na bidhaa ileile iliyotengenezwa kwa mikono ileile imepoteza uasili. Anayekaa karibu na kikomo ahesabu upya kila bei inapobadilika, na wajumbe wa mazungumzo waombe kanuni ya kubadili kichwa kama njia mbadala, kwa kuwa hiyo haiyumbishwi na sarafu.

Kufungasha, kubandika lebo, kupanga kwa ukubwa, kuchanganya kwa njia rahisi: kazi hizi hazitoi uasili hata zikiongeza thamani namna gani.

Karatasi na safari

Uasili usiothibitishwa hauna faida. Kwenye mikataba mingi ya Umoja wa Ulaya uthibitisho ni cheti cha EUR.1 kilichogongwa muhuri na forodha ya nchi inayouza, au tamko kwenye ankara. Mzigo usiozidi thamani ya yuro 6,000 mwuzaji yeyote anaweza kuutolea tamko mwenyewe. Zaidi ya hapo lazima awe ameidhinishwa au kusajiliwa, kutegemea mkataba. Maneno ya tamko yamewekwa na kiambatisho na hayabadilishwi. Tafsiri ya kujitungia hukataliwa.

Mzigo ukipita nchi ya tatu, kwa kawaida unaruhusiwa kushushwa na kupakiwa tena ilimradi ubaki chini ya ulinzi wa forodha na usibadilishwe. Hati ya shehena inayoonyesha safari nzima humaliza maswali. Mzigo uliofunguliwa kwenye ghala la kati, ukagawanywa na kufungwa upya bila karatasi za forodha ya pale, hulipa ushuru kamili.

Kosa jingine ni la toleo. Mfumo wa uainishaji hurekebishwa kila baada ya miaka kadhaa, 2012, 2017, 2022, lakini kiambatisho hubaki na toleo la wakati wa mazungumzo. Wakala wa forodha akitafuta namba ya leo kwenye kanuni ya toleo la zamani anaweza kusoma kanuni ya bidhaa nyingine. Tafuta jedwali la ulinganisho wa matoleo kabla ya kujaza fomu.

Wakati mwingine usijisumbue. Mzigo wa yuro 8,000 wenye ushuru wa kawaida wa asilimia 3 unaokoa yuro 240. Kama kukusanya ushahidi na kupata cheti kunagharimu zaidi ya hapo, lipa ushuru, kisha uliza kama forodha inakubali cheti kimoja kwa mizigo mingi inayofanana.

Kota, viwango na kinga

Bidhaa ambazo jumuiya kubwa inaziogopa mara nyingi haziachwi nje ya mkataba, huwekwa ndani kwa kipimo. New Zealand, yenye sifa ya nyama duniani, ilipata kota ya nyama ya ng'ombe ya tani 10,000 inayofikiwa kidogokidogo kwa miaka 7, tena kwa ushuru wa asilimia 7.5 ndani ya kota. Umoja wa Ulaya huzalisha zaidi ya tani milioni 6 kwa mwaka. Uliza pia nani anagawa kota. Ikigawiwa kwa anayewahi, wenye meli za mwezi Januari hula yote. Leseni zikipewa waagizaji wa upande wa pili, wao ndio wanaobaki na faida ya bei.

Viwango vya afya navyo havipungui kwa sababu ushuru umepungua. Mwaka 2013 maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya zilianza kupimwa mabaki ya dawa za wadudu kwenye asilimia 10 ya mizigo iliyoingia Umoja wa Ulaya. Ushuru wake ulikuwa sifuri. Gharama ikawa ya maabara, ya kusubiri, na ya mboga zinazonyauka zikisubiri.

Kwa upande wa kinga, karibu kila mkataba unaruhusu kurudisha ushuru kwa muda bidhaa za nje zikifurika na kuumiza kiwanda cha ndani. Mwaka 2018 SACU, ambamo zimo Lesotho, Eswatini, Botswana na Namibia pamoja na Afrika Kusini, iliweka ushuru wa kinga wa asilimia 35.3 kwa vipande vya kuku wa Ulaya waliogandishwa. Umoja wa Ulaya ulipeleka shauri kwa waamuzi. Uamuzi wa kwamba hatua ile haikufuata mkataba ulitoka Agosti 2022, wakati ushuru wenyewe ulikuwa umekwisha muda wake Machi. Wajumbe wa nchi ndogo wasome kesi hiyo kwa pande zote mbili: kinga inayoombwa kwa utaratibu mbovu hushindwa, na haki inayodaiwa kwa waamuzi huchukua miaka.

Kifungu kimoja zaidi cha kuwinda ni kile cha «nikupe wewe, nimpe na yeye». Mkataba wa mwaka 2008 kati ya nchi za Karibi na Umoja wa Ulaya unazitaka nchi hizo, zikitoa masharti bora zaidi kwa uchumi mkubwa, ziyatoe na kwa Ulaya pia. Na uchumi mkubwa umefafanuliwa kuwa nchi yoyote iliyoendelea, au yenye zaidi ya asilimia 1 ya mauzo ya bidhaa duniani, au kundi lenye zaidi ya 1.5. Kwa kifungu hicho, makubaliano ya kesho na China, India au Brazil tayari yana mgeni wa tatu mezani.

Mzigo ukishapita, hesabu haijafungwa. Forodha ya nchi inayonunua inaweza kurudisha cheti kwa forodha ya nchi iliyouza na kuuliza kama kilikuwa sahihi, hata miaka michache baada ya bidhaa kuuzwa na kuliwa. Jibu lisipokuja ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi miezi 10, punguzo hufutwa kwa kawaida. Anayedaiwa ushuru ni mwagizaji, naye humgeukia mwuzaji. Ndiyo maana mikataba hutaka rekodi za uzalishaji, ankara za malighafi na hesabu za gharama zitunzwe angalau miaka 3, na ndiyo maana mnunuzi makini wa upande wa pili huomba kuona mafaili hayo kabla hajaagiza kontena la kwanza.